Kalenda ya Kiwanda cha Chai

Kila Januari kiwanda hutugawia kalenda,
picha ya majani mawili na chipukizi,
nami huanza kuisoma kwa Septemba.
Nashuka kidole kwa kidole hadi kumi na mbili,
naandika kwa penseli, mwandiko wa ubaoni:
“Vita vya Getembe, 1914.”

Ilikuwa Jumamosi. Hilo nimelihakikisha.
Wajerumani mjini, Waingereza mlimani,
risasi zikavuka migomba kutwa nzima,
na giza lilipoingia kila upande ukadhani umeshindwa,
ukafunga virago kimyakimya,
majeshi mawili yakakimbiana kwa migongo.
Wanafunzi wangu hucheka hapo. Nawaacha wacheke.
Wakishiba kicheko nawaambia kuhusu ng’ombe.

Maana mji ulibaki wazi, watu wakaingia.
Bibi yangu Bosibori hakuwa amezaliwa,
lakini mamake alirudi nyumbani na droo,
droo tu, bila meza, ina tundu la ufunguo,
akahifadhi humo mbegu za wimbi.
Waliporejea wenye bunduki hawakuuliza droo.
Walihesabu ng’ombe.
“Droo moja,” bibi alikuwa akisema,
“kwa ng’ombe kumi na mmoja na nyumba.
Nionyesheni soko lenye bei hiyo.”

Chini yake huongeza, kwa kalamu ya bluu:
“Habeshi, 1974.”
Hiyo ni ya babangu. Alikuwa na duka Daraja Mbili,
anapima sukari, redio ikasema
mfalme wa wafalme ametolewa kasrini
ndani ya gari dogo lenye mgongo wa kobe.
Baba akasahau mkono juu ya mizani.
Mzee Nyang’au akaondoka na robo ya ziada,
na hadi anaingia kaburini alishikilia
kwamba mapinduzi yaliyomfaidi ni hayo tu.

Mwaka jana Moraa wa Gredi ya Sita
aliinua mkono: “Mwalimu, siku hiyo ina laana?”
Nikamwambia tarehe ni msumari ukutani,
haichagui koti.
Akautazama msumari wa darasa letu,
ule unaoshikilia ramani ya Afrika.
“Lakini mwalimu,” akasema, “huu umepinda.”

Sikuwa na jibu. Bado sina.

Kwa kuwa lipo la tatu, ambalo sijaliandika.
Ndugu yangu Onchari alirudi kutoka Somalia
tarehe hiyo hiyo, mzima, begi begani.
Mama alichinja. Majirani
walimhesabu vidole kwa macho, wakashukuru.
Usiku akatoa godoro nje,
akalala barazani pa jikoni, mgongo ukutani,
akisema ndani kuna dari.
Dari tu. Hakueleza.
Mwaka wa tatu huu, alfajiri tunamruka na ndoo,
hata mbwa amejifunza kuzunguka.
Hakuna mtihani utakaouliza
nani alishinda pale, yeye au dari.

Leo mvua ya saa tisa imekuja na mawe.
Barazani hapakaliki, maji yanaingia kwa mshazari.
Nikamwona anasimama, godoro kichwani,
anautazama mlango kama mtoto anayevuka barabara,
kulia, kushoto, kulia tena,
akaingia.

Sikusema neno.
Mama aliendelea kuchambua chinsaga
ingawa bakuli lilikuwa limejaa zamani,
majani yakawa yanaangukia miguuni pake.

Nimechonga penseli. Kisanduku cha kumi na mbili
hakina pa kutia hata nukta,
Getembe imekaa juu ya Habeshi,
basi nimeandika nikipanda ukingo,
nikavuka mpaka wa kumi na tatu:
“Onchari kalala ndani. Anakoroma.”